Kufunga na kuseti joistiki yenye mrejesho wa nguvu, hadi mkono uisikie ndege

Mtu aliyeshika demani ya ngalawa pale Deep Sea, Tanga, hahitaji kuinua macho kutazama tanga ndipo ajue kwamba upepo umezidi. Kamba inamwambia. Inakaza kiganjani, inalegea, inatetemeka tanga linapoanza kupigapiga, naye anajibu kwa mkono kabla hajawaza. Rubani wa ndege ndogo anaishi hivyohivyo na usukani wake. Kasi ikiwa kubwa, usukani ni mzito. Kasi ikishuka, unalegea. Bawa likikaribia kupoteza mnyanyuo, unatetemeka.

Joistiki ya kawaida ya kompyuta haina habari hizo. Ndani yake mna springi, na springi ina uzito uleule, ndege iwe imeegeshwa au inaporomoka kutoka futi 9,000. Joistiki yenye mrejesho wa nguvu haina springi ya kurudisha fimbo katikati. Ina mota mbili, moja ya mbele na nyuma, nyingine ya kushoto na kulia, na simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoigiza urukaji wa ndege, ndiyo inayoziamuru zisukume kiasi gani na upande gani.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Ngamiani. Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na roho yake yote iko kwenye urubani, na ni kwa ajili yake nikaingia katika mambo haya. Tangu hapo vijana kadhaa wameniletea joistiki zao, na karibu kila mara nakuta ugonjwa uleule: mota zimepandishwa hadi mwisho, mitetemo yote imewashwa, meza inacheza, na bado mkono haujui ndege inakwenda kwa kasi gani. Kwa hiyo kila utakachoseti hapa chini, jiulize kama kinaupa mkono habari ya kasi na ya trimu, yaani marekebisho yanayoishikilia ndege ili mkono upumzike. Kama hakiupi, kishushe au kizime.

Kabla ya kuchomeka, igeuze usome kibandiko

Ninazozipata mimi ni mitumba, na nyingi ni SideWinder za Microsoft. Force Feedback Pro ilitoka mwaka 1997 na ina plagi ya gemu ya pini 15, ambayo kompyuta za leo hazina tundu lake. Ipo programu huria iitwayo Adapt-FFB-Joy. Unaiweka kwenye bodi ndogo ya Arduino yenye chipu ya ATmega32U4, unaunga nyaya, na joistiki inageuka kuwa ya USB. Ni kazi ya solda na subira, ila inalipa. Force Feedback 2, iliyokuja baadaye, ni ya USB tangu kiwandani, na Windows ya sasa inaitambua bila draiva ya ziada. Ukiwa na uwezo wa kununua mpya, siku hizi zipo VPforce Rhino, Moza AB9 na zile za Brunner kutoka Uswisi. Hizo zina nguvu kubwa zaidi na ulaini ambao SideWinder haiufikii. Misingi ya kuziseti ni ileile.

Sasa kibandiko. Force Feedback 2 iliyouzwa Marekani inataka volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Kijana mmoja wa Makorora alitumiwa joistiki na nduguye, akanunua adapta ya plagi dukani, akachomeka moja kwa moja ukutani. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini tu, volti zinabaki zilezile. Moshi mwembamba ukatoka chini ya kitako, na tangu siku hiyo mota hazikuamka tena. Ukikuta imeandikwa 120V, tafuta transfoma ya kushusha umeme yenye wati zinazozidi zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Usikubali kuambiwa "jaribu tu".

Kwa mtumba, kabla ya kulipa, shika fimbo ikiwa haina umeme, izungushe taratibu hadi kila pembe. Inatakiwa iende laini, ikiwa na uzito mdogo wa mota zinazoburutwa. Ukisikia inaruka kama mnyororo wa baiskeli uliolegea, kuna jino la gia limeliwa. Kisha tazama mpini wa SideWinder: una kitambuzi cha mwanga kinachojua kama mkono upo. Mkono ukitoka, mota zinazimwa. Kikiwa na uchafu, nguvu zitakuwa zinakuja na kupotea katikati ya safari, na utadhani mota zimekufa. Pamba yenye spiriti kidogo imewahi kuponya joistiki tatu mbele yangu.

Meza

Mota ikikusukuma wewe, inaisukuma na meza kwa upande wa pili. Meza ikicheza, nusu ya habari imepotelea kwenye mbao.

Kwa SideWinder, meza nzito ya mninga na kipande cha tyubu ya gari chini ya kitako vinatosha. Kata tyubu kwa upana wa kitako, upande wa ndani wenye unga uoshe kwa sabuni kwanza, la sivyo utateleza badala ya kushika. Kwa zenye nguvu kubwa usijidanganye na tyubu. Zifunge kwa boliti kwenye plaiwudi nene, na plaiwudi yenyewe ishikwe na kiti, fimbo ije katikati ya magoti. Kiti na joistiki vikiwa kitu kimoja, hata ukivuta kwa nguvu hakuna kinachosogea.

Hapa kuna hesabu ndogo ambayo wengi wanaikosa. Moza AB9 imetajwa kuwa na nguvu ya kuzungusha ya Nm 9 (nyutoni-mita). Kiganja chako kikiwa sentimita 20 juu ya mhimili, unasikia kama uzito wa kilo nne na nusu. Ukiongeza bomba la kurefusha, kiganja kikafika sentimita 40, kinasikia nusu yake, kilo mbili na robo hivi. Kwa upande mwingine mkono unasafiri umbali mrefu zaidi, na mjongeo mdogo unakuwa rahisi kupima. Kwa helikopta napenda fimbo ndefu. Kwa SideWinder usirefushe kabisa. Nguvu yake ni ndogo, ukiigawa haibaki kitu.

Umeme na kebo

Chomeka USB nyuma ya kompyuta, kwenye bodi yenyewe, si kwenye kigawanyio. Umeme wa mota upitie kwenye stabilaiza, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme, kama ya friji. Umeme ukikatika huku ukiruka, zima swichi ya joistiki kabla haujarudi. Joistiki kubwa inaweza kuamka kwa kishindo, na fimbo ikikukuta umeiinamia ukitafuta kebo, itakupiga. Swichi hiyo iwe mahali ambapo mkono wa kushoto unaifikia bila kutafuta. Kwa mtoto anayejifunza, hilo si la hiari.

Jaribu kwanza bila simuleta

Katika Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua joistiki yako. Sogeza fimbo pole hadi kila pembe na utazame alama kwenye skrini. Inatakiwa ifike kwenye kingo zote na isirukeruke ukiwa umetulia. Ikirukaruka, kalibresha, isipotulia, kipimaji cha ndani kimechoka au kina vumbi. Kama ni potensiometa, dawa ya kusafishia swichi za redio inasaidia mara nyingi.

Wanaotumia Linux wana kitu kizuri zaidi: amri ya fftest. Inakupa nguvu moja moja kwa namba: mtetemo, nguvu ya kusukuma upande mmoja, springi, uzito wa kuburuza. Namshauri kila mtu apitie jaribio kama hilo, hata kwa dakika tano, kwa sababu mkono unajifunza majina. Springi inakusukuma kadiri ulivyo mbali na katikati. Uzito wa kuburuza, ambao kwenye menyu utauona ukiitwa "Damper", unakupinga kadiri unavyokwenda haraka, ukisimama na wenyewe unaisha. Msuguano, "Friction", unakupinga sawasawa, uende haraka au pole. Usipozijua kwa mkono, utakuwa unasogeza vitelezi kwa kubahatisha.

Mafahali wawili hawakai zizi moja

Joistiki hizi zikikosa amri ya simuleta, hujitengenezea springi ya kurudisha katikati ili zisilale tu. Springi hiyo ikibaki wakati simuleta nayo inatuma yake, zinagombana. Fimbo inakuwa nzito hata ndege ikiwa imesimama, na trimu haionekani. Kwa hiyo kwenye programu ya joistiki, tafuta springi ya katikati na uizime, au uishushe hadi sifuri pindi simuleta inapowaka.

Wakati huohuo, ingia kwenye simuleta na ufute ile sehemu ya katikati isiyosikia, iwe sifuri, na mkunjo wa majibu, ule mchoro wa namna ndege inavyoitikia fimbo, uunyooshe kabisa. Vitu hivyo viliwekwa kwa ajili ya joistiki za springi, zenye katikati ngumu. Hapa ulaini unatoka kwenye nguvu.

Kuhusu simuleta zenyewe: DCS World na IL-2 Sturmovik zinatuma nguvu zenyewe. DCS haina malipo ya kuanzia na inakuja na TF-51D, ndege ya propela nzuri sana kwa kujifunzia jambo hili. Flight Simulator X ya mwaka 2006 nayo inatuma yenyewe, na ndiyo niliyompa mpwa wangu mwanzoni kwa sababu kompyuta yake ilikuwa dhaifu. Microsoft Flight Simulator 2020 na X-Plane 12 zilitoka zikihitaji programu ya kati inayosoma hali ya ndege na kuitafsiri kuwa nguvu: XPForce kwa X-Plane, TelemFFB kwa wenye VPforce Rhino, na wenye Moza wana Moza Cockpit.

Mwelekeo wa nguvu, ukiwa kwenye asilimia 20

Shusha nguvu kuu, kitelezi kinachotawala nguvu zote za mota kwa pamoja, hadi asilimia 20 kabla ya kuruka mara ya kwanza. Paa, nyoosha ndege kwa kasi ya kawaida ya safari, kisha vuta fimbo kidogo sana kuelekea tumboni. Inatakiwa ikusukume mbele, irudi ilikotoka. Kama badala yake inazidi kukuvuta, nguvu iko kinyume. Fanya hivyohivyo kushoto na kulia.

Mpwa wangu alikutana nalo siku ya pili. "Mjomba, inanikimbia!" Fimbo ilikuwa imelala hadi mwisho na ndege imepinduka. Kwenye asilimia 20 lilikuwa la kucheka naye tu. Kwenye asilimia 100 ya joistiki kubwa, kidole kingeumia. Rekebisha mwelekeo wa nguvu, usiguse mwelekeo wa mhimili wenyewe, yaani upande ambao ndege inaifuata fimbo, kwa sababu mhimili ulikuwa sawa. Katika DCS utaiona kwenye ukurasa wa mihimili, kitufe cha "FF Tune", mahali penye kugeuza X, kugeuza Y na kubadilishana mihimili. Ile ya kubadilishana ni kwa wale ambao wakivuta nyuma, nguvu inakuja ubavuni.

Kasi, na mota kugota

Nguvu ya hewa juu ya mkia na mabawa haiongezeki sawasawa na kasi. Inaongezeka kwa mraba wake. Kasi ikizidishwa mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ndege ya Cessna 172 ikikaribia uwanja kwa noti 60, yaani kama kilomita 111 kwa saa, usukani wake una robo tu ya uzito ambao ungekuwa nao kwa noti 120. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Sasa mota ina mwisho wake. Ukiipandisha nguvu kuu kupita kiasi, kwenye noti 80 mota imeshafika mwisho. Ukienda 100, 120, 140, simuleta inadai zaidi lakini mota imegota, haina cha kuongeza. Mkono unasikia uzito uleule, na habari ya kasi imekufa. Vijana wengi wanaosema "mota yangu ni kali" wamegotesha mota na hawajui.

Namna ya kupima: ruka juu, weka noti 80, vuta fimbo robo ya njia na ukumbuke uzito wake. Inamisha pua hadi noti 100, vuta robo ileile. Kisha 120. Kila mara uzito uongezeke. Ukifika mahali hauongezeki, shusha nguvu kuu kwa asilimia 10 na urudie. Kwa Cessna mimi naipanga ifike karibu na mwisho kwenye noti 120 hivi. Juu ya hapo inagota, nakubali, kwa sababu ukiipanga hadi kasi ya juu kabisa, wakati wa kutua SideWinder haitakuwa na nguvu ya kusikika. Mwenye mota kubwa anaweza kwenda hadi 140 na asipoteze chochote chini.

Ardhini, injini imezimwa, fimbo iwe legevu. Kwenye Cessna halisi elevata, kile kibawa cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua, inaning'inia kwa uzito wake na usukani unalala mbele. Usiogope ukiona fimbo imelala, hivyo ndivyo.

Trimu

Hapa ndipo nakuomba ukae muda mrefu kuliko kote, hata ikiwa ni jioni nzima.

Trimu ni kibao kidogo nyuma ya elevata. Rubani anakizungushia gurudumu, nacho kinatumia hewa yenyewe kuishikilia elevata mahali pake, ili mkono upumzike. Kwa joistiki ya springi jambo hili haliwezekani sawasawa: unashikilia fimbo imevutwa, unazungusha trimu, na huku unaiachia fimbo irudi katikati kidogo kidogo, ukikisia. Kwa joistiki ya nguvu, fimbo inabaki palepale ulipoishika. Kinachosogea ni mahali ambapo nguvu ni sifuri. Unazungusha, na mzigo unayeyuka kiganjani mpaka umeshika fimbo isiyodai chochote.

Zoezi langu ni safari ya Pemba. Anzia uwanja wa Tanga, alama yake HTTG. Ukipaa, geuka kuelekea baharini, kisiwa cha Toten na bandari vikiwa upande mmoja. Uwanja wa Pemba, HTPE, uko mashariki, ukilalia kusini kidogo, karibu kilomita 85. Kwa noti 110 ni kama dakika 25, na zote ni juu ya maji, hakuna mlima wa kukusumbua. Milima ya Usambara iko nyuma yako.

Ukiwa futi 3,000, noti 100, ndege imenyooka, trimu iwe sawa: legeza vidole hadi viguse fimbo tu. Ndege ibaki ilivyo. Sasa punguza injini kidogo na uvute fimbo taratibu kushikilia urefu hadi kasi ishuke 80. Umebeba mzigo, sivyo? Usiibadilishe nafasi ya mkono. Zungusha trimu ya kunyanyua pua, kidogo, subiri, kidogo, subiri. Sikiliza kiganja. Mzigo ukiisha, fungua vidole vyote utazame fimbo: iko karibu na tumbo lako kuliko ilivyokuwa kwenye noti 100. Imesimama hapo yenyewe, imeegemea nyuma, haitafuti katikati. Ukiigonga kwa kidole, inasogea na kurudi hapohapo.

Ukiliona hilo, joistiki yako imesetiwa. Usipoliona, matatizo huwa mawili. La kwanza, fimbo inarudi katikati ya kitako hata uzungushe trimu vipi, wakati ndege inatii trimu. Maana yake springi ya katikati bado iko hai mahali fulani, au programu ya kati haijaambiwa ifuate trimu. La pili linachanganya zaidi: unazungusha trimu, fimbo inasogea vizuri, lakini pua inanyanyuka mara mbili ya ulichotaka. Hapo trimu inahesabiwa mara mbili, mara ndani ya simuleta, mara kwenye nafasi ya fimbo. Programu nyingi za kati hutaka uufute mhimili wa elevata ndani ya simuleta, ili programu yenyewe ndiyo ipeleke nafasi ya fimbo ikiwa imeshatoa trimu. Fuata hivyo, usiweke yote mawili.

Katika DCS, vitelezi vya "Trimmer" kwenye "FF Tune" ndivyo vinavyoamua fimbo isogee kiasi gani kwa trimu. Viache asilimia 100 kwanza, urekebishe ikiwa tu fimbo inapitiliza.

Mpwa wangu alifanya safari hiyo labda mara thelathini. Siku moja alikuwa anaingia Pemba, nimesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, nikamwona macho yake yako kwenye njia ya kutulia, hayako kwenye saa ya kasi. Akasema, "Imelegea mno," akasukuma pua chini na kuongeza injini. Nikatazama kipima kasi: kilikuwa kinatoka 54 kupanda. Mkono ndio uliomwambia.

Fimbo inayopepesuka

Ukiachia fimbo nayo ikayumba huku na huku kama mlevi, sababu ni ucheleweshaji. Amri ya springi inafika ikiwa imechelewa kidogo, fimbo imeshapita, inavutwa tena. Dawa ni uzito wa kuburuza. Kwenye noti 90, vuta fimbo sentimita chache uiachie. Ikirudi, ikapitiliza mara moja kidogo na kutulia, ni sawa. Ikiyumba mara nne, ongeza kwa asilimia 5 na ujaribu tena.

Usizidishe. Uzito wa kuburuza ukizidi, fimbo inakuwa kama mwiko kwenye ugali ulioiva: unasukuma, inakwenda, lakini haikuambii kitu. Msuguano nauweka kidogo tu, kiasi cha kuficha kukwaruza kwa gia za SideWinder.

Mitetemo

Mitetemo ndiyo inayouza joistiki hizi na ndiyo inayoziharibu. Nina mpango mmoja. Mtetemo wa ndege kupoteza mnyanyuo, hali ambayo marubani huiita stoli, uwe mkubwa kuliko yote, kwa sababu ni onyo la kuokoa maisha. Naanzia asilimia 50. Mtetemo wa njia ya kurukia, asilimia 15 hadi 20. Injini, asilimia 3 hadi 5, kiasi kwamba unausikia ukizima tu. Ukipandisha injini, mkono unakufa ganzi ndani ya dakika kumi, na baada ya hapo hata stoli hutaisikia.

Jaribu hivi: futi 4,000 juu ya bahari, kata injini, shikilia urefu kwa kuvuta pole pole. Kwanza fimbo inazidi kulegea. Baadaye, karibu na noti 50, inaanza kutetemeka. Kulegea kuje kwanza, mtetemo ufuate. Vikija kwa mpangilio huo, sukuma mbele, ongeza injini, endelea na safari. Mtetemo ukija huku fimbo bado nzito, kuna springi ya uongo imebaki. Rudi kwenye mafahali wawili.

Ndege ambazo si Cessna

Si kila ndege inastahili nguvu za hewa. Fimbo ya pembeni ya Airbus ina springi tu na haileti uzito wa hewa mkononi, kwa hiyo weka springi moja isiyobadilika na uzime mengine. Fimbo ya F-16 haisogei ila kidogo sana. Kompyuta yake inasoma nguvu ya mkono. Huko joistiki ya mota haikupi faida kubwa. Helikopta ni kinyume kabisa: ondoa springi, weka msuguano kiasi ili fimbo ibaki unapoiacha. Zenye kitufe cha trimu, kama UH-1, unakibonyeza fimbo inalegea, unaipeleka unapotaka, ukiachia kitufe inashika hapohapo. Hifadhi kila ndege kwa faili lake, na namba ziandike pia kwenye daftari. Programu ikisasishwa faili hupotea, daftari halipotei.

Chumvi na joto

Mota inayoshikilia nguvu bila kusogea inapata joto kuliko inayozunguka. Wakati wa kaskazi chumba changu kinakuwa kama tanuri, na SideWinder iliyobebeshwa fimbo isiyotrimiwa kwa nusu saa inanuka. Sababu nyingine ya kutrimu. Weka kiganja kwenye kitako kila baada ya muda. Kikishindwa kuvumilia joto, zima uipumzishe robo saa, na feni iielekee yenyewe, si wewe tu.

Hewa ya bahari inakula miguso ya umeme. Ukimaliza, futa mpini jasho, chomoa ukutani, ifunike kwa kanga kavu, si nailoni inayofungia unyevu. Masika yakianza, weka kwenye kisanduku pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Gia usizipake mafuta ya nazi wala ya cherehani. Ya nazi yanaganda na kushika vumbi, ya cherehani yanatiririka hadi kwenye vipimaji. Tumia grisi ya silikoni inayofaa plastiki, kiasi cha punje ya mchele kwa kila gia, uizungushe fimbo kwa mkono hadi pembe zote, ndipo ufunge kitako.